Bendi Nayo ni Utunzi

Aprili 2016, Tuzo ya Pulitzer ya muziki, ambayo nchini Marekani hupewa mtunzi wa kazi bora ya mwaka, ilikwenda kwa mpiga saksafoni na filimbi wa Chicago aliyekwisha kutimiza miaka 72. Jina lake ni Henry Threadgill. Kazi iliyompatia tuzo ni In for a Penny, In for a Pound, albamu ya sidii mbili iliyopigwa na watu watano tu: yeye mwenyewe, mpiga gitaa, mpiga selo, mpiga dramu, na mmoja aliyepiga tuba na tromboni kwa zamu. Okestra haikuwamo, wala kwaya, wala kondakta. Kwa msikilizaji aliyezoea kuona heshima ya namna hii ikienda kwa watunzi wa simfoni na opera, swali linazuka lenyewe: huyu ni mwanajazi aliyekaribishwa kwa hisani katika baraza la watunzi wa muziki wa klasiki wa zama hizi, au ni mtunzi kamili ambaye baraza hilo lilichelewa kumwona? Mimi nashika jibu la pili. Tena nasema ushahidi mkubwa hauko kwenye tuzo. Uko kwenye bendi alizoziunda, moja baada ya nyingine, tangu miaka ya 1970. Kwa Threadgill, kuamua ni vyombo gani vikae pamoja, nani avipige, na kila mmoja awe na uhuru wa kiasi gani, ni kutunga sawasawa na kuandika nota. Asiyeliona hilo husikia nusu tu ya kazi yake.

Ili kuelewa kwa nini mpiga saksafoni aanze na bendi, inafaa kukitazama chombo chenyewe. Adolphe Sax, fundi wa Kibelgiji aliyefanya kazi Paris, alipata hataza ya saksafoni mwaka 1846. Mwili wake ulikuwa wa shaba, lakini ulipulizwa kwa mwanzi kama klarineti, na soko lake la kwanza likawa bendi za jeshi. Chuo kikuu cha muziki cha Paris kilianza kuwafundisha wanajeshi saksafoni mwaka 1857, kikalifunga darasa mwaka 1870, na hakikulifungua tena hadi 1942, lilipokabidhiwa kwa mpiga saksafoni Marcel Mule. Hapo katikati watunzi wakubwa walikionja chombo hiki: Bizet alikitumia katika L'Arlésienne mwaka 1872, Ravel katika Boléro mwaka 1928, na Glazunov akakiandikia konseto mwaka 1934. Hata hivyo, mpiga saksafoni alibaki mgeni wa okestra, anayeitwa kwa kazi moja kisha akaagwa. Mpiga fidla anayehitimu chuo hukuta kiti kikimngoja na kabati lililojaa kazi za karne tatu. Mpiga saksafoni hakuwekewa vyote viwili. Chombo chake kilikwenda kushamiri kwingine, kwenye jazi na kwenye dansi. Wasikilizaji wa Kiswahili wanakifahamu zaidi kupitia Kinshasa, kwa watu kama Verckys Kiamuangana Mateta, aliyepuliza katika OK Jazz kabla ya kuanzisha bendi yake mwenyewe, Vévé. Kwa hiyo mpiga saksafoni aliyetaka kutunga kazi ndefu na nzito hakuwa na taasisi ya kumpokea. Ilimbidi aanzishe ya kwake.

Threadgill alizaliwa Chicago tarehe 15 Februari 1944 na kukulia upande wa kusini wa jiji hilo, walikoishi Wamarekani weusi wengi. Alipata bahati ya kuwa kijana wakati wenzake wakijenga taasisi ya namna hiyo. Mwaka 1965 wanamuziki wanne, Muhal Richard Abrams, Jodie Christian, Steve McCall na Phil Cohran, walianzisha chama cha kuendeleza wanamuziki wabunifu, kinachojulikana hadi leo kwa herufi AACM. Msimamo wake ulikuwa mwepesi kuutamka na mgumu kuutekeleza: katika maonyesho ya chama, mwanachama apige muziki mpya aliotunga yeye au wenzake, asikae kurudia nyimbo zinazopendwa. Sharti hilo moja liliwageuza wapigaji kuwa watunzi. Ndiko walikotoka Roscoe Mitchell na Anthony Braxton, wapiga saksafoni ambao nao wameandika kazi za okestra na za vikundi vidogo bila kuomba ruhusa ya mtu. Threadgill alipita katika bendi ya majaribio ya Abrams, akasomea piano, filimbi na utunzi katika chuo cha American Conservatory of Music mjini humo, na huku nyuma akazunguka na mhubiri akipiga muziki wa injili. Hakuona sababu ya kuchagua kati ya Edgard Varèse, mtunzi wa Kifaransa aliyemhusudu, na sauti za kanisani. Vyote viwili alivihesabu kuwa malighafi yake.

Funzo jingine alilipata jeshini, na lilimgharimu. Katika kitabu cha maisha yake alichokichapisha mwaka 2023 akishirikiana na msomi Brent Hayes Edwards, anaeleza kwamba alijiandikisha akitumaini kutumikia bendini, akapangiwa kambi ya Fort Riley, Kansas, na kupewa kazi ya kupanga upya nyimbo za kizalendo kwa ajili ya hafla rasmi. Alizipanga kwa masikio ya mtu aliyekwisha kusikia muziki wa karne ya 20, wenye sauti zinazogongana na mapigo yasiyotabirika. Kiongozi mmoja wa kanisa aliyehudhuria akaona ni kufuru. Muda mfupi baadaye Threadgill alijikuta Pleiku, Vietnam, kwenye bendi ya divisheni ya nne ya askari wa miguu, katikati ya vita. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho kichungu, lakini kina jambo la kiufundi ndani yake. Bendi ya jeshi huwa imekwisha kuundwa kabla mtunzi hajafika: vyombo vyake vimepangwa, kazi yake imeamuliwa, na wasikilizaji wake wanajua wanachotaka. Aliyeingiza fikra mpya ndani ya chombo cha wengine alifukuzwa pamoja na fikra zake. Tangu aliporudi Chicago, hakungoja tena bendi ya mtu mwingine impe nafasi.

Jaribio la kwanza lilikuja mwaka 1971. Alitakiwa aandae muziki wa Scott Joplin kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, naye akakaa na mpiga besi Fred Hopkins na mpiga dramu Steve McCall. Joplin aliandika ragtime kwa ajili ya piano: mkono wa kushoto unatembea kama gwaride, wa kulia unacheza na kuruka mapigo. Kundi la Threadgill halikuwa na piano. Kazi ya mikono miwili ya mtu mmoja ikabidi igawanywe kwa watu watatu, na katika kugawanya huko besi na dramu zikaacha kuwa watumishi wa saksafoni. Kila moja ikabeba wimbo kwa zamu yake. Utatu huo, uliokuja kuitwa Air, ulihamia New York, na mwaka 1979 ukatoa Air Lore, albamu inayozipiga kazi za Joplin na Jelly Roll Morton kwa njia hiyo. Kipindi hicho Threadgill pia aliunda ala yake mwenyewe, aliyoiita hubkaphone. Ilikuwa ni vifuniko vya magurudumu ya magari, vya chuma, vilivyopangwa safu juu ya safu kwenye fremu na kugongwa kwa virungu. Kila kifuniko, kwa unene wake na umbo lake, kilitoa mlio wake, mwingine kama kengele, mwingine kama sufuria. Sauti alizozitaka hazikuwepo dukani, basi akazitafuta kwenye magari. Mtu wa kufanya hivyo anautazama uwanja mzima wa sauti, na saksafoni yake ni pembe moja tu ya uwanja huo.

Miaka ya 1980 alikuja na Sextett. Waliohesabu wapigaji walikuta saba, si sita kama jina lilivyodai, kwa sababu wapiga dramu wawili walihesabiwa kuwa sauti moja. Nao walioandikiwa kando yao walikuwa mpiga tarumbeta, mpiga tromboni, mpiga selo na mpiga besi, mbali na Threadgill mwenyewe. Selo na besi kwa upinde zilikuwa nyuzi zake, tarumbeta na tromboni zikawa shaba zake, dramu mbili ngoma zake. Okestra nzima ilikuwa imebanwa katika watu wanaoenea kwenye basi dogo. Baadaye ikafuata Very Very Circus, iliyokuwa na tuba mbili na magitaa mawili ya umeme. Tuba ni chombo cha gwaride, na kabla ya besi la nyuzi kutawala jazi, ndiyo iliyobeba sauti ya chini. Threadgill aliirudisha, akaizidisha mara mbili, na kuifanya ikimbie badala ya kuguruma tu chini kwa chini. Mwalimu wa kwaya mzuri hutunga kwa njia inayokaribia hii: anamjua teno wake anayeishia wapi, anajua besi yupi hutoa sauti nzito asubuhi na yupi jioni, na nota anazoandika humfuata mtu huyo, si teno wa vitabuni. Tofauti ni kwamba mwalimu wa kwaya huipokea kwaya iliyopo, ilhali Threadgill kila baada ya miaka michache aliivunja kwaya yake na kubuni nyingine ambayo haikuwahi kuwepo.

Kilele cha njia hii ni Zooid, bendi aliyoianzisha mwanzoni mwa karne hii na iliyopiga albamu ya tuzo. Jina amelichukua katika biolojia: ni chembe hai inayoweza kujongea yenyewe ingawa ni sehemu ya kiumbe kikubwa. Muundo wa muziki unafuata jina. Katika jazi ya kawaida, wapigaji wote hufuata mfululizo mmoja wa sauti zinazopigwa pamoja, na anayebuni papo hapo huchagua nota zake ndani ya mfululizo huo. Threadgill aliuondoa mfululizo. Badala yake, katika kila sehemu ya kazi mpigaji hupewa umbali wa aina tatu kati ya nota na nota. Tuseme, kwa mfano tu, mpiga gitaa amepewa umbali wa do hadi re, wa do hadi fa na wa do hadi la. Anaweza kuanzia popote, akapanda au kushuka, lakini kila anaporuka lazima aruke kwa mojawapo ya hatua hizo tatu. Mpiga selo aliye kando yake ana hatua tatu nyingine, na mpiga tuba nyingine tena. Sehemu ikiisha, hatua hubadilika. Matokeo yake ni muziki ambao kila mtu anaonekana kushika njia yake, lakini hakuna wanapotawanyika, kwa kuwa hatua za mmoja zimechaguliwa zikikumbuka hatua za mwingine. Mapigo nayo hayajirudii kwa mzunguko rahisi wa nne nne. Huwezi kumwokota mpigaji mtaani jioni na kumpandisha jukwaani usiku. Lugha hii inahitaji mazoezi ya muda mrefu, na Threadgill anajulikana kwa kubadilisha sehemu za watu humo humo mazoezini.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, nalo lina uzito. Kama wapigaji wanabuni papo hapo, wanasema wapinzani, basi mtunzi ni nani? Mbona sifa imwendee mmoja na jasho liwatoke watano? Jibu linaanzia mbali kuliko jazi. Katika Ulaya ya karne ya 17 na ya 18, mpiga kinanda alipewa mstari wa besi wenye tarakimu juu yake, akajaza mwenyewe nota zilizobaki. Händel aliacha nafasi tupu katika konseto zake za ogani ili azijaze akiwa mbele ya watu. Mozart, katika konseto ya piano aliyoiandika mwaka 1788, aliuacha mkono wa kushoto bila nota katika sehemu nyingi. Hakuna anayesema konseto hiyo haina mtunzi. Fikra kwamba kutunga ni kuandika kila nota, na kwamba mpigaji ni mtekelezaji tu, ilikomaa katika karne ya 19, na ni desturi moja kati ya nyingi. Mtunzi hupimwa kwa jambo jingine: je, maamuzi yake yanausukuma muziki kiasi gani? Ndani ya Zooid yanausukuma kila sekunde. Mpigaji yuko huru kuchagua, lakini anachagua katika milango aliyofunguliwa. Albamu ya tuzo inalionyesha hili wazi, kwa sababu vipande vyake vinne vikuu vimeandikwa kila kimoja kikimlenga mpigaji mmoja: kimoja dramu, kimoja selo, kimoja gitaa, kimoja tromboni na tuba. Sahihi ya mpigaji imeandikwa ndani ya utunzi tangu mwanzo.

Pingamizi la pili linahusu tuzo yenyewe. Wapo wanaoona Pulitzer ililegeza masharti ili iwapokee watu wa jazi, hasa pale mwaka 2004 ilipoacha kudai nota zilizoandikwa na kukubali rekodi peke yake. Ni kweli kanuni zilibadilishwa. Lakini tuangalie kanuni za zamani zilizaa nini. Mwaka 1965 majaji wa muziki walipendekeza Duke Ellington apewe heshima maalumu kwa kazi ya maisha yake. Bodi ikakataa, na majaji wawili kati ya watatu wakajiuzulu. Ellington alikufa mwaka 1974, na heshima ikamfikia mwaka 1999. Mwanajazi wa kwanza kuipata tuzo yenyewe alikuwa Wynton Marsalis mwaka 1997, kwa kazi ndefu ya waimbaji na bendi kubwa, kisha Ornette Coleman, mpiga saksafoni, mwaka 2007. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa watunzi weusi wa Marekani methali hiyo ilisubiri sana kutimia. Mizani iliyomkataa Ellington haikuwa kali, ilikuwa mbovu: ilipima wino kwenye karatasi ikadhani inapima fikra. Kuitengeneza mizani hakumfanyi yeyote aonekane mzito kuliko alivyo.

Pingamizi la tatu ndilo lililo gumu zaidi. Utunzi wa klasiki, husemwa, huishi kwa sababu mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuchukua nota na kuupiga hata miaka 200 baada ya mwenyewe kufa. Muziki uliofumwa kwa ajili ya watu watano wanaojulikana kwa majina utakufa pamoja nao. Kwa sehemu nalikubali hili. Kazi za Zooid hazipigwi na vikundi vingine kama zinavyopigwa kwarteti za Bartók, na ugumu wa lugha yake ni sababu mojawapo. Lakini Threadgill mwenyewe amekwisha kulijibu kwa vitendo. Mwaka huo huo wa tuzo ilitoka Old Locks and Irregular Verbs, kazi ya kumkumbuka rafiki yake Butch Morris, mtunzi na kiongozi wa bendi aliyefariki mwaka 2013. Ndani yake zimo piano mbili na saksafoni mbili, lakini Threadgill hapigi hata nota moja. Ametunga na kuongoza tu. Mwaka 2023 ikaja The Other One, kazi ndefu ya wanamuziki 12 iliyorekodiwa mbele ya hadhira huko Brooklyn, na humo pia chombo chake hakisikiki. Mpiga saksafoni aliyeweka saksafoni chini, na muziki ukaendelea kutambulika kuwa wake tangu dakika ya kwanza, ameonyesha kwamba lugha yake haikufungwa katika pumzi zake. Lugha inayoweza kuhama kutoka mapafu ya mwenyewe kwenda kwa wengine 12 inaweza pia kufundishwa na kurithiwa. Kazi iliyobaki ni ya vyuo na wachapishaji.

Linabaki lalamiko la kila siku, kwamba muziki huu ni mgumu na wasikilizaji wake ni wachache. Soko limeshasema hivyo: katikati ya miaka ya 1990 kampuni kubwa ya Columbia ilitoa albamu zake tatu, kisha wakaachana, na tangu 2001 kazi zake zimetoka kwenye kampuni ndogo ya Pi Recordings. Ila ugumu mwingi unatokana na kusikiliza kwa matarajio ya mahali pengine. Anayengoja kiitikio kirudi atachoka mapema. Msikilizaji mpya na achague chombo kimoja, tuba kwa mfano, akifuate kipande kizima kama anavyomfuata kiungo mmoja katika mechi, kisha arudie na kusikiliza nani anamjibu. Mara ya tatu mapigo yataanza kumchezesha mguu, maana chini ya hesabu zote hizo kuna gwaride, kanisa na ragtime ambavyo Threadgill hakuviacha kamwe.

Kwa hiyo tukirudi kwenye hukumu, kipimo kizuri cha mtunzi si aina ya karatasi anayoijaza wala ukumbi unaompokea. Kipimo ni hiki: ukimwondoa, je, watu wale wale wakiwa na vyombo vile vile wangeupiga muziki ule? Liberty Ellman, mpiga gitaa wa Zooid, na Christopher Hoffman, mpiga selo, ni viongozi wenye albamu zao wenyewe. Ni hodari popote wanapopiga, lakini muziki wa Zooid hutokea Threadgill anapowakusanya, akawapa hatua zao, na kuiweka tuba pale ambapo wengine wangeweka besi. Muziki huo una chanzo kimoja kinachojulikana kwa jina, na mtu aliye chanzo cha namna hiyo, katika kila jamii yenye muziki, huitwa mtunzi.